Maji ya Naivasha na Uzito wa Ombwe

Mada yangu ya usiku huu ni ya falaki, tena ni ya mlango ule wa falaki ambao hata wajuzi wake huuingia kwa hadhari; lakini kwa kuwa naamini kwamba hapana elimu iliyo mbali hata ikakosa mfano katika nchi ya mtu, naomba idhini yenu nianzie ziwani.

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, marehemu baba yangu, aliyekuwa karani wa reli na mtu wa maswali mengi, alinipeleka siku moja ufukoni mwa Ziwa Nakuru, akachota maji kwa kikombe cha bati, akaniambia nionje. Nilionja nikatema, ukali wa magadi ulinikaa ulimini hata jioni. Wiki iliyofuata tulipanda gari moshi kwenda Naivasha, na huko, kwa kikombe kile kile ambacho mdomo wake ulikuwa umebanduka rangi, alichota tena, akanipa, nikanywa mpaka nikaiona chembe ya mchanga iliyotulia chini, maana yalikuwa maji matamu. Ndipo akaniuliza: "Mwanangu, maziwa haya mawili ni ndugu, yote mawili yanaingiwa na mito, na yote mawili hayatokwi na mto hata mmoja. Basi imekuwaje hili likawa tamu na lile likawa chungu?" Sikuwa na jibu, naye hakunipa. Jibu nililipata ukubwani, nalo ndilo linalonileta mbele yenu.

Ziwa Nakuru hupokea maji ya mito ya Njoro, Makalia na Nderit, pamoja na chemchemi za Baharini, wala halina njia ya kuyatoa isipokuwa kwenda juu: jua huyanyanyua maji na kuiacha chumvi, mwaka baada ya mwaka, hata ziwa likawa na ukali unaostawisha mwani ule mdogo walao heroe, hao ndege wa rangi ya waridi waliolipa ziwa letu sifa duniani. Naivasha nalo hupokea mito ya Malewa na Gilgil, na jua la Naivasha si la huruma kuliko la Nakuru. Kwa hisabu ya haki lingalikwisha kuwa chungu zamani. Maadamu si chungu, na maadamu maji yaingiayo, ukiyaondoa yale yanyanyuliwayo na jua, yanazidi yale yanayosalia ziwani, wenye kufikiri walisema kwamba sharti iwepo njia nyingine isiyoonekana kwa jicho, ya kuyatoa maji pamoja na chumvi yake, nayo ni njia ya chini ya ardhi. Ilikuwa dhana njema, lakini ilikuwa dhana. Yakini ilikuja pale watu walipokwenda kuyatafuta maji hayo mahali pengine. Maji yaliyokaa juani hubaki na alama yake, kwa sababu jua hutangulia kuichukua sehemu yake iliyo nyepesi na kuibakiza ile iliyo nzito kidogo. Na alama hiyo hiyo ilionekana katika mvuke na visima vya kusini mwa ziwa, pande za Olkaria, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990. Mvuke unaosukuma mitambo ya umeme ya Olkaria tangu mwaka 1981 una ndani yake, kwa sehemu, maji yaliyowahi kuogelewa na viboko wa Naivasha.

Naomba myashike mambo hayo mawili, dhana ya njia iliyofichika na safari ya kwenda kuyatafuta maji yatokeapo, kwa kuwa nitayarudia.

Mwaka 1917 Albert Einstein, ambaye alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba uvutano ni kupindika kwa nafasi na wakati mbele ya uzito na nishati, alijaribu kuandika hisabu ya ulimwengu mzima kwa jumla, akaona kwamba ulimwengu wake haukubali kutulia, bali uvutano wake wenyewe ungeukunja. Na kwa kuwa zama zile karibu kila mjuzi aliudhani ulimwengu kuwa umetulia daima, alitia katika hisabu yake herufi moja ya Kiyunani, lambda, iwe msukumo wa kuukabili uvutano. Herufi hiyo ndiyo iitwayo kima thabiti cha ulimwengu. Maana yake ni kwamba nafasi tupu, pasipo nyota, pasipo vumbi, pasipo hata mwanga, ina nishati yake yenyewe, na nishati hiyo haipungui msongamano wake nafasi inapotanuka. Baadaye padri Georges Lemaître wa Ubelgiji, mwaka 1927, na Edwin Hubble wa Marekani, mwaka 1929, walibainisha kwamba galaksi zinaachana na ulimwengu unatanuka, na herufi ile ikawekwa kando kama boriti iliyosalia baada ya nyumba kwisha kujengwa.

Habari ya kutanuka isiwatie wasikilizaji wangu hofu wala shaka, kwa sababu sisi tunaishi juu ya nchi inayotanuka. Bonde hili, ambalo mjiolojia J. W. Gregory alilifikia mwaka 1893 na kulipa jina la Bonde la Ufa katika vitabu, linaendelea kupanuka kwa milimita chache kila mwaka. Na mkulima wa Mai Mahiu anayepalilia mahindi yake hahisi lolote, ingawa ukingo wa mashariki na ukingo wa magharibi haviko leo mahali vilipokuwa alipozaliwa babu yake. Ulimwengu hutanuka kimya hivyo hivyo.

Kisha ukaja mwaka 1998. Makundi mawili ya wanafalaki, moja la Saul Perlmutter na jingine la Brian Schmidt na Adam Riess, walikuwa wakipima nyota zilipukazo katika galaksi za mbali sana, nyota ambazo mwanga wake unajulikana kadiri yake, kama mtu ajuavyo ukali wa taa ya karabai na akaweza kukisia umbali wake usiku kwa jinsi inavyofifia. Walitazamia kuona kwamba mwendo wa kutanuka unapungua, kwa sababu uvutano huzuia. Walichokiona ni kinyume chake: nyota zile zilikuwa hafifu kupita hisabu, kwa maana zilikuwa mbali zaidi, kwa maana mwendo wa kutanuka unaongezeka. Watu hao watatu walitunukiwa Nishani ya Nobel ya fizikia mwaka 2011, na boriti ile iliyowekwa kando ikarudishwa darini. Na hisabu za sasa zinatuambia kwamba takriban sehemu saba katika kumi za nishati yote ya ulimwengu ni hiyo ya nafasi tupu, au kitu kinachofanana nayo sana.

Je, ni nyingi kiasi gani? Hapa naomba twende pamoja hadi ukingoni mwa Menengai, hapo juu ya mji wetu wa Nakuru, mahali ambapo Wakikuyu wa Bahati wamepaita Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu, na ambapo wengi wenu mmesimama na kutazama shimo lile kubwa lenye mapana ya kilomita kumi na mbili kwa nane, lenye miamba myeusi ya zaha chini na mvuke wa visima vya umeme ukipanda. Tulijaze shimo lile kwa fikira, kutoka sakafu yake hadi midomo yake, tusilijaze maji wala hewa bali ombwe tupu. Kisha tuipime nishati ya ombwe hilo kwa kima walichokipata wanafalaki. Kilomita moja ya ujazo ina nishati ipatayo nusu ya jouli. Na shimo zima, ambalo kwa makisio yangu lina kilomita za ujazo zisizopungua ishirini na tano, lina nishati ya kuinua pakiti moja ya unga ya kilo mbili kutoka sakafuni na kuiweka juu ya meza. Ni hiyo tu. Mama mmoja jikoni kwake, anapotayarisha sima ya jioni, hutumia kwa mkono mmoja nishati ya ombwe la Menengai yote. Lakini ulimwengu ni mpana mno, na baina ya galaksi na galaksi hamna karibu chochote ila ombwe, kwa hiyo udogo ule ukijumlishwa ndio unaoshinda uvutano wa nyota zote.

Basi shida iko wapi? Shida inakuja tunapoiuliza elimu nyingine, ile ya chembe ndogo kabisa, iitwayo fizikia ya kwantamu, kwamba ombwe linapaswa kuwa na nishati kiasi gani. Elimu hiyo inasema kwamba hapana mahali panapotulia kabisa. Hata patupu pana mtetemo usiokoma ambao hauwezi kuondolewa kwa baridi wala kwa pampu. Si maneno matupu: mwaka 1948 Hendrik Casimir, Mholanzi, alionyesha kwa hisabu kwamba mabamba mawili ya madini yakisogezwa karibu sana katika ombwe yatasukumana kuelekeana kwa sababu ya mtetemo huo, na baadaye jambo hilo likapimwa likaonekana kuwa kweli. Sasa, ukijumlisha mitetemo yote hiyo, mikubwa kwa midogo, unapata nishati. Na nishati, kwa sheria ya Einstein, hupinda nafasi.

Inasimuliwa kwamba Wolfgang Pauli, mmoja wa mabingwa wa elimu hiyo, alipokuwa bado kijana alifanya hisabu hiyo kwa kujihadhari, akaacha nje mitetemo iliyo midogo sana, akaona kwamba kama nishati ile ingekuwa na uzito, basi nusu kipenyo cha ulimwengu kisingefika hata mwezini. Walioirudia hisabu yake baadaye walipata kilomita thelathini na moja. Fikirini, wasikilizaji wangu: kutoka hapa Nakuru hadi Gilgil kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya hapo. Ulimwengu wote, pamoja na kila kilichoumbwa, ungekwisha kabla ya kufika Gilgil! Pauli alikata shauri kwamba nishati ile isihisabiwe. Lakini mwaka 1967 Yakov Zel'dovich wa Urusi alisisitiza kwamba haifai kuikwepa, kwa sababu uvutano haubagui. Kila nishati, iwe ya nyota au ya ombwe, huingia mizanini. Na mtu akiijumlisha mitetemo mpaka mwisho wa hisabu inayotambulika, bila ya kuacha midogo nje, hupata kima kinachozidi kile kilichopimwa kwa moja yenye sufuri mia na ishirini mbele yake. Chembe zote za maada katika ulimwengu unaoonekana hukisiwa kwa moja yenye sufuri themanini tu. Hivyo kosa hili ni kubwa kuliko hesabu ya kila kilichopo. Sijui kosa jingine katika historia ya elimu lililolingana nalo, nami nasema hivyo kwa masikitiko ya mtu anayeipenda elimu hiyo.

Waweza kuniambia kwamba labda kuna kitu kingine kinachoipunguza nishati ile, hasi ikakutana na chanya zikafutana. Naam, yawezekana. Lakini tafakarini maana yake. Mchukueni mchuuzi wa viazi katika soko letu, aliyeleta magunia yake kutoka Molo, akaweka gunia upande huu wa mizani na mawe ya kupimia upande wa pili. Tukimwambia kwamba pande hizo mbili zimelingana hata punje moja ya mchanga, atacheka atuambie mizani yake haina ustadi huo. Hapa twadaiwa tuamini kwamba vitu viwili visivyojuana, kimoja kutoka mashariki na kimoja kutoka magharibi, vimelingana hata tarakimu mia na kumi na tisa, kisha katika tarakimu ya mia na ishirini vikaachana kidogo, na katika kule kuachana ndiko tulikopata nafasi ya kuwako. Mwenye kukubali hilo bila ya kuuliza amejinyima haki yake ya akili.

Hapo ndipo wenye ujasiri waliposema maneno yanayofanana na yale ya ziwa: maadamu uzito ule mkubwa unaingia, na maadamu hatuuoni ukijaza ulimwengu wetu, yawezekana iko njia ya kutokea ambayo jicho haliioni.

Njia hiyo huitwa mwelekeo wa ziada. Sisi tunajua mielekeo mitatu ya nafasi, urefu, upana na kimo, na wakati ukiwa wa nne. Theodor Kaluza, mwalimu wa hisabati wa Königsberg, alimwandikia Einstein mwaka 1919 kwamba ukiongeza mwelekeo mmoja, hisabu ya uvutano huizaa yenyewe hisabu ya umeme na sumaku; Einstein alishangaa, akaikalia makala hiyo miaka miwili kabla ya kuipeleka kuchapishwa mwaka 1921. Mwaka 1926 Oskar Klein wa Sweden alieleza kwa nini mwelekeo huo hauonekani: umejikunja ukawa duara dogo mno, kama vile uzi wa umeme uliotandazwa kutoka nguzo hadi nguzo unavyoonekana kwa mbali kuwa ni mstari tu, ilhali siafu anayetembea juu yake anajua kwamba anaweza pia kuuzunguka.

Wazo hilo lililala muda mrefu. Mwaka 1983 Valery Rubakov na Mikhail Shaposhnikov, wa Moscow, waliuliza kama mielekeo ya ziada yaweza kutatua shida ya kima thabiti; na mwaka 1998, mwaka ule ule wa zile nyota, Nima Arkani-Hamed, Savas Dimopoulos na Gia Dvali walitoa shauri kwamba sisi na vitu vyetu vyote tumenaswa katika utando, kama utando wa maziwa yaliyochemka unavyonasa majani ya chai juu ya sufuria; mwanga na atomu haviwezi kuuacha utando, ila uvutano peke yake, kwa kuwa ni mali ya nafasi yenyewe, huzama ndani ya maziwa. Kama ni hivyo, mielekeo ya ziada yaweza kuwa mikubwa kiasi, hata ikakaribia milimita, nasi tusijue.

Na faida yake katika shida yetu? Mtazameni mwuza njugu katika stendi ya mabasi. Huchukua karatasi, akaikata duara, akaondoa kipande kama cha chapati, kisha akaunganisha kingo mbili zilizobaki, ikawa pembe ya kutilia njugu. Karatasi haikunyumbulika mahali popote. Kila sehemu ya ubavu wake ingali bapa kama mwanzo, na mageuzi yote yamekusanyika katika ile ncha ya chini. Wanafizikia wameonyesha kwa hisabu kwamba utando wenye uzito, ukiwekwa katika nafasi yenye mielekeo miwili ya ziada, hufanya hivyo hivyo: uzito wake hukata kipande cha mielekeo ile na kuifanya pembe, na utando wenyewe, ulioko kwenye ncha, husalia bila ya kupindika. Uzito upo, tena ni mkubwa, lakini umemalizikia upande tusioukaa. Nilipoisoma hoja hiyo mara ya kwanza, katika kibanda cha chai huku mvua ikinyesha, niliiweka karatasi ya njugu mbele yangu nikaikunja na kuikunjua mara nyingi kwa furaha ambayo siwezi kuieleza, kwa sababu nilimkumbuka baba na kikombe chake.

Lakini insafu ni sharti ya elimu, na yule anayependa hoja ndiye anayepaswa kuihoji kwanza. Mielekeo ile miwili haina budi kujifunga mahali, ama sivyo uvutano wetu ungedhoofika tukauona udhaifu wake. Na ili ijifunge, sharti itiwe ndani yake nguvu nyingine ya kuishikilia, na nguvu hiyo sharti ilingane na uzito wa utando. Ukiubadilisha uzito, ulimwengu hautafuti usawa mpya kwa hiari yake, bali huanza kupindika. Shida iliyofukuzwa mlangoni imerudi dirishani. Kadhalika nadharia nzuri ya Lisa Randall na Raman Sundrum ya mwaka 1999, iliyoonyesha kwamba mwelekeo wa tano waweza kuwa hauna mwisho kabisa na bado uvutano ukakaa karibu nasi: nayo hudai kwamba uzito wa utando na uzito wa nafasi ya nje vilingane barabara, na ni nani aliyevilinganisha? Dvali, Gregory Gabadadze na Massimo Porrati, mwaka 2000, walisema kwamba uvutano huvuja kidogo kidogo kwenda nje katika masafa marefu sana, na kwamba kuvuja huko ndiko kunakoharakisha kutanuka bila ya haja ya lambda. Ilikuwa ndiyo hoja iliyofanana zaidi na ziwa letu, nami niliitumaini, lakini vipimo vya nyota na vya mwanga wa kale wa ulimwengu havikuafikiana nayo, na hisabu yake yenyewe ilionekana kuwa na ugonjwa ndani.

Steven Weinberg wa Marekani, aliyeonyesha mwaka 1989 jinsi njia nyingi za kawaida zilivyozibwa, alikuwa ametangulia mwaka 1987 kutoa jibu la namna nyingine: kwamba kama kima kingekuwa kikubwa sana, galaksi zisingejikusanya, na pasingekuwako mtu wa kuuliza. Siidharau hoja hiyo, kwa sababu ilikisia kima kisicho mbali na kile kilichopimwa miaka kumi na moja baadaye. Hata hivyo hainitoshi. Ni sawa na kumjibu mtoto wa miaka tisa kwamba maji ya Naivasha ni matamu kwa sababu yangekuwa machungu asingeyanywa.

Mimi nashika mwendo wa Naivasha. Anayesema kwamba iko njia iliyofichika, na aende Olkaria. Atuonyeshe maji yanapotokea. Na watu wamekwenda, kwa bidii inayostahili heshima. Katika mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe ulioko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva, wametafuta migongano ambayo nishati yake hupotea kuelekea pasipojulikana, wasiione. Tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya uvutano yaliyotoka kwa nyota mbili za nyutroni zilizogongana yalifika duniani baada ya safari ya takriban miaka milioni 130 ya mwanga, na mwanga wa gama ukafuata kwa sekunde mbili kasoro. Waliolinganisha nguvu ya mawimbi yale na umbali wake hawakuona kwamba yamepungua kwa kuvuja njiani. Masafa marefu, basi, hayajatoa dalili.

Nisiache kusema kwamba nchi yetu haikuwa mtazamaji tu katika kuusoma ulimwengu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, chombo cha kwanza kilichotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuzichunguza nyota kwa miali ya eksirei kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Nacho kilibaini kwamba baina ya galaksi zilizokusanyika pamoja mna gesi ya moto mkali, na mikusanyiko hiyo ya galaksi imekuwa tangu hapo mojawapo ya mizani za kuupimia ulimwengu. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipata Nishani ya Nobel mwaka 2002. Hayo yalifanyika katika bahari yetu na kwa lugha yetu, na ni haki kila mtoto wa Kenya ayasikie shuleni.

Yamebaki masafa mafupi, na hapo ndipo tumaini langu linapokaa. Mwaka 2022 Miguel Montero, Cumrun Vafa na Irene Valenzuela walitoa hoja kwamba udogo wenyewe wa kima thabiti ni dalili: kwamba ulimwengu wenye kima kidogo namna hii unapaswa kuwa na mwelekeo mmoja wa ziada ambao upana wake ni baina ya maikromita moja na kumi, na maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Hawasemi kwamba shida ya kulingana imekwisha. Wanasema kwamba udogo wa kima na upana wa mwelekeo huo ni ndugu, na anayekijua kimoja aweza kukikisia cha pili. Ninaipenda hoja hii kuliko nyingine zote kwa sababu imetaja mahali pa kwenda kutafuta. Ikiwa ni kweli, basi vitu viwili vikikaribiana kupita upana huo, uvutano wao utazidi kuliko isemavyo sheria ya Newton.

Na mahali hapo si mbinguni. Ni juu ya meza. Katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, kuna mizani ya uzi, bamba dogo lililoning'inizwa ili lizunguke kidogo mno uvutano unapobadilika, na chini yake bamba jingine lizungukalo polepole, na baina yao karatasi ya madini iliyokazwa kuzuia umeme usichanganye hisabu. Watu wa maabara hiyo wamekuwa wakisogeza mabamba hayo karibu na karibu zaidi, mwaka baada ya mwaka, wakilipiga vita kila vumbi na kila mtikisiko wa gari lipitalo barabarani, hata mwaka 2020 wakatangaza kwamba wamefika kwenye mwanya wa maikromita 52, mwembamba kuliko unywele wa kichwa, na kwamba sheria ya Newton imesimama pale pale. Kwa kipimo hicho wamesema kwamba mwelekeo wa ziada, kama upo mmoja, nusu kipenyo cha duara lake hakizidi maikromita 30.

Mwelekeo uliokisiwa ni wa moja hadi kumi. Mizani imefika thelathini. Hapo katikati bado hapajapimwa.